Skripti ya Televisheni au Kitabu cha Kujichapishia: Ulinganisho kwa Mwandishi Anayetaka Kuchagua

Kuandikia televisheni na kujichapishia vitabu ni kazi mbili zinazofanana kwa mbali, kwa kuwa zote huanza na mtu aliyeketi akibuni wahusika na visa. Ufanano huo huishia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika kazi ya kwanza mwandishi hulipwa ili andiko lake liwe malighafi ya kazi ya watu wengine; katika ya pili mwandishi hutoa fedha zake ili andiko libaki kuwa mali yake. Suala hilo la nani analipa na nani anamiliki ndilo linalozaa karibu tofauti nyingine zote, na ndilo litakalofuatwa hapa, kwa sababu anayechagua kwa kutazama umaarufu au ukubwa wa malipo peke yake hujikuta, baada ya miaka michache, katika kazi ambayo hakuijua wakati alipoichagua.

Andiko na wasomaji wake

Skripti haiandikwi ili isomwe na hadhira. Wasomaji wake ni mwongozaji, waigizaji, mpiga picha, fundi wa taa, msimamizi wa mavazi na mhasibu, na kila mmoja wao hutafuta ndani yake kazi inayomhusu. Kwa sababu hiyo skripti huandikwa kwa wakati uliopo na hubeba yale tu yanayoweza kuonekana na kusikika. Mwandishi hawezi kusema kwamba mama alikumbuka ujana wake. Hana budi kumpa mama huyo jambo la kufanya au la kutamka, ambalo mtazamaji akiliona atajua kwamba ujana umekumbukwa. Mpangilio wa ukurasa nao una masharti. Katika mtindo uliozoeleka Marekani na kuigwa kwingineko, skripti hupigwa kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, kwa kuwa ukurasa mmoja wa mpangilio huo hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Kipindi cha saa moja katika kituo chenye matangazo ya biashara hubakiwa na takriban dakika 42 hadi 44 za kisa chenyewe, na kichekesho cha nusu saa hubakiwa na takriban dakika 22. Hivyo hadithi hugawanywa vipande, na kila kipande hukatwa mahali ambapo mtazamaji atapenda kusubiri tangazo lipite ili ajue kilichofuata.

Riwaya haina mipaka hiyo. Inaweza kukaa ndani ya mawazo ya mhusika mmoja kwa kurasa 30, kisha ikaruka miaka 20 kwa sentensi moja, na gharama yote ya uhuru huo ni muda wa mwandishi. Katika televisheni kila sentensi ina bei. Kuandika kwamba mvua inanyesha usiku huku umati ukikimbia uwanjani ni mstari mmoja karatasini, lakini kwa mtayarishaji ni magari ya maji, taa, mavazi ya mamia ya watu na usiku kadhaa wa kazi. George R. R. Martin, aliyeandikia televisheni ya Marekani katika miaka ya 1980, amesimulia mara nyingi jinsi rasimu zake zilivyorudishwa kwa sababu zilikuwa ndefu na ghali mno. Aliporejea kwenye riwaya aliandika kisa kikubwa kadiri alivyotaka, akatoa juzuu ya kwanza mwaka 1996, na kituo cha HBO kikaanza kukionyesha kisa hichohicho mwaka 2011. Yeye hakujichapishia, lakini mfano wake unaonyesha wazi kwamba kinachokataliwa katika njia moja kwa sababu ya gharama kinaweza kuwa ndicho kinachoipa thamani njia nyingine.

Namna kazi inavyofanyika

Tamthilia nyingi za televisheni huandikwa na kundi. Katika utaratibu wa Marekani waandishi hukaa chumba kimoja kwa wiki au miezi chini ya mwandishi kiongozi, ambaye ndiye pia mtayarishaji mkuu, wakipanga msimu mzima tukio kwa tukio kabla ya mtu yeyote kuandika mazungumzo. Baada ya hapo kila mmoja hupewa sehemu yake, yaani kipindi kimoja cha msimu huo, huandika muhtasari, hupokea maoni, huandika rasimu, hupokea maoni mengine kutoka kwa kampuni na kituo, kisha mwandishi kiongozi huipitia rasimu hiyo na kuibadilisha ili sauti ya tamthilia yote iwe moja. Ni jambo la kawaida sehemu kuonyeshwa ikiwa na jina la mwandishi mmoja ilhali nusu ya sentensi zake zilitoka kwa wengine. Uingereza ina desturi tofauti kidogo, ambapo tamthilia fupi huweza kuandikwa yote na mtu mmoja, lakini zile zinazoonyeshwa wiki baada ya wiki mwaka mzima huandikwa na timu kila mahali, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuzalisha kurasa hizo peke yake.

Jambo ambalo watu wa nje hawalioni ni kwamba kipaji kinachohitajika zaidi katika chumba hicho si kuandika, ni kuzungumza. Mwandishi hutoa wazo kwa sauti mbele ya wenzake, hulisikia likikataliwa, na dakika mbili baadaye hutakiwa kulisaidia wazo la aliyemkataa. Anayeona kila sentensi yake kuwa ni kiungo cha mwili wake atateseka humo. Kwa upande mwingine, mtu ambaye akiachwa peke yake hamalizi chochote hupata katika televisheni kitu ambacho hakuna kitabu kitakachompa, yaani tarehe ya mwisho isiyoweza kusogezwa, kwa kuwa waigizaji wamekwisha kuajiriwa na siku ya kurekodi imekwisha kupangwa.

Anayejichapishia hupanga tarehe zake na huvumilia matokeo yake. Baada ya rasimu kukamilika, hugeuka kuwa mchapishaji: humtafuta mhariri wa kuangalia muundo wa kisa, mwingine wa lugha, na msomaji wa prufu; humlipa msanifu wa jalada; hupanga kurasa za ndani; huchukua namba ya utambulisho wa kitabu iitwayo ISBN, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13; huandika maelezo ya kitabu na kuchagua maneno ya utafutaji; huweka bei, hulipia matangazo na hutunza hesabu. Kazi hizo zinaweza kugawanywa, lakini uamuzi wa mwisho katika kila moja ni wake. Nionavyo, anayedharau mhariri hana sababu ya kujichapishia, kwa sababu jambo pekee linalokitofautisha kitabu cha kujichapishia na rasimu iliyowekwa hadharani ni kwamba kuna mtu mwingine mwenye ujuzi aliyekisoma na kukikosoa kabla ya mnunuzi. Tahadhari moja yapaswa kutolewa hapa: zipo kampuni zinazojiita wachapishaji ambazo humtoza mwandishi fedha nyingi kwa vifurushi vya huduma na wakati huohuo huchukua sehemu ya haki zake. Mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi. Mtoa huduma wa kweli hulipwa na hachukui haki yoyote. Anayetaka yote mawili ni wa kuepukwa.

Fedha

Televisheni hulipa kwa hatua. Kuna malipo ya muhtasari, ya rasimu ya kwanza, ya rasimu ya pili na ya marekebisho, na mwandishi aliyeajiriwa katika chumba cha waandishi hulipwa kwa wiki. Mahali penye vyama vyenye nguvu kuna pia malipo ya marudio, ambayo hutolewa kila kipindi kinapoonyeshwa upya au kuuzwa kwingine. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba mwandishi hupata fedha hata kama tamthilia haikupendwa, na hata kama haikurekodiwa kabisa. Ubaya wake ni kwamba ajira hukatika. Zamani msimu wa tamthilia katika vituo vikubwa vya Marekani ulikuwa na sehemu 22 hivi, na mwandishi aliyepata nafasi alikuwa na kazi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huduma za video mtandaoni zimezoesha misimu ya sehemu 8 au 10, inayopangwa na vikundi vidogo kwa wiki chache.

Mgomo wa chama cha waandishi wa Marekani, Writers Guild of America, ulioanza tarehe 2 Mei 2023 na kusitishwa tarehe 27 Septemba mwaka huohuo, ulitokana kwa sehemu kubwa na hali hiyo pamoja na udogo wa malipo ya marudio yanayotoka katika huduma za mtandaoni. Mkataba uliofuata uliweka idadi ya chini ya waandishi, isipokuwa pale mwandishi mmoja anapoandika msimu mzima: watatu kwa msimu usiozidi sehemu 6, watano kwa sehemu 7 hadi 12, na sita kwa sehemu 13 au zaidi. Uliweka pia kwamba maandishi ya akili mnemba hayahesabiwi kuwa kazi ya mwandishi na hayawezi kutumiwa kumpunguzia haki zake. Anayetaka kuandikia televisheni angefanya vyema kutambua kwamba ulinzi huo ulitokana na siku 148 za kutofanya kazi, na kwamba pasipo na chama mwandishi hana ulinzi mwingine zaidi ya vifungu vya mkataba aliotia saini.

Hesabu ya kitabu ni ya namna nyingine kabisa. Jukwaa kubwa zaidi la kujichapishia, Kindle Direct Publishing (KDP) la Amazon, lililoanza mwaka 2007, hulipa asilimia 70 ya bei kwa kitabu cha kielektroniki kinachouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 kwa bei iliyo chini au juu ya hapo. Kitabu cha dola 4.99 humletea mwandishi takriban dola 3.49 kwa nakala, kabla ya kukatwa ada ndogo ya kusafirisha faili, ambayo hupanda kadiri picha zinavyokuwa nyingi. Asilimia 70 hiyo, hata hivyo, hutolewa kwa wanunuzi wa nchi zilizo katika orodha maalumu. Nakala inayonunuliwa nje ya orodha hulipwa kwa asilimia 35, na mwandishi ambaye wasomaji wake wengi wako huko hana budi kukokotoa kwa kiwango hicho cha chini. Kwa vitabu vya karatasi vinavyochapwa nakala moja moja kadiri vinavyoagizwa, gharama ya uchapaji hukatwa kutoka katika sehemu ya mwandishi, na gharama hiyo huongezeka kwa idadi ya kurasa, hivyo riwaya nene inayouzwa kwa bei rahisi inaweza kumwachia senti chache. Ukilinganisha na mchapishaji wa kawaida, ambaye mrabaha wake kwa vitabu vya kielektroniki umezoeleka kuwa asilimia 25 ya mapato halisi, viwango hivyo ni vikubwa. Lakini mchapishaji wa kawaida amekwisha kulipia mhariri, jalada na usambazaji, ilhali anayejichapishia hulazimika kuuza mamia ya nakala kabla ya kurudisha alichotoa mfukoni, na wapo wengi wasiokirudisha.

Lipo pia suala la kujifunga. Mpango wa KDP Select humtaka mwandishi asiuze nakala ya kielektroniki mahali pengine popote kwa vipindi vya siku 90, na kwa kubadilishana kitabu huingia Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma vitabu kwa ada ya kila mwezi, ambako mwandishi hulipwa kwa kurasa zilizosomwa kutoka katika mfuko wa pamoja wa kila mwezi. Waandishi wa misururu ya mapenzi na visa vya kusisimua, ambao wasomaji wao humaliza kitabu kwa usiku mmoja na kutaka kingine, mara nyingi hunufaika. Mwandishi wa kitabu kimoja kizito kinachosomwa polepole hana sababu kubwa ya kujifunga hivyo.

Haki, ambayo ndiyo kiini cha uchaguzi

Chini ya sheria ya Marekani, skripti nyingi za televisheni huandikwa kama kazi ya kuajiriwa, na kwa sheria hiyo kampuni ndiyo inayohesabiwa kuwa mtunzi. Mwandishi hubaki na jina lake mwishoni au mwanzoni mwa kipindi, na kwa kupitia chama hubaki na haki chache zilizotajwa mahususi. Uingereza na katika nchi nyingine nyingi mwandishi wa kujitegemea ndiye mwenye hakimiliki ya kwanza, lakini mkataba wa televisheni kwa kawaida humtaka aihamishe au aitoe kwa matumizi mapana. Kwa vyovyote, mhusika uliyembuni anaweza kuendelea kuishi msimu wa tano na wa sita mikononi mwa watu ambao hujawahi kukutana nao, akifanya mambo ambayo usingemruhusu.

Kitabu cha kujichapishia hakikupokonyi chochote. Haki ya nakala ya kielektroniki, ya karatasi, ya kusikilizwa, ya kutafsiriwa na ya kuigizwa zote ni zako, na zinaweza kuuzwa moja moja kwa watu tofauti. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, unazitaka nchi wanachama ziilinde kazi ya fasihi kwa maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kwa hiyo kinachouzwa kwa haraka leo kinaweza kuwa ni mapato ya wajukuu. Hugh Howey alijichapishia Wool mwaka 2011, na mwaka uliofuata akakubaliana na kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster wauze nakala za karatasi huku yeye akibaki na haki ya nakala za kielektroniki, ambazo ndizo zilizokuwa zikimlipa zaidi; mwaka 2023 kisa hicho kikawa tamthilia ya Silo kwenye Apple TV+. Andy Weir aliiweka The Martian sura kwa sura katika tovuti yake, akaiuza kwa senti 99 kwenye Kindle mwaka 2011, ikachukuliwa na mchapishaji Crown iliyoitoa mwaka 2014, na mwaka 2015 ikawa filamu. Hao ni wachache miongoni mwa umati usiohesabika, na si busara kupanga maisha kwa kuwafuata. Ninawataja kwa sababu ya mwelekeo wa safari: kitabu kilichotoka kinaweza kwenda kwenye televisheni, lakini skripti isiyorekodiwa haina soko la wasomaji la kuiendea.

Baina ya hatua hizo mbili kuna mkataba ambao kila mwandishi wa kitabu anapaswa kuuelewa, nao ni ule wa kushikilia haki kwa muda. Mtayarishaji hulipa kiasi kidogo ili kwa miezi 12 au 18 mwandishi asimuuzie mtu mwingine haki ya kuigiza kitabu, huku yeye akitafuta fedha na kituo. Vitabu vingi vinavyoshikiliwa hivyo haviigizwi kamwe. Si jambo la kuhuzunisha, mradi muda uliowekwa ni mfupi, malipo ya kuurefusha yametajwa, na haki hurudi zenyewe muda ukiisha.

Kuingia

Hapa tofauti ni fupi kueleza. Kampuni nyingi za televisheni hazisomi kabisa andiko lililotumwa bila kuombwa wala kupitia wakala, kwa kuogopa kushtakiwa baadaye kwamba zimeiba. Hivyo mwandishi mgeni huandika skripti ya mfano, huishindanisha, huitumia kutafuta wakala, au huituma zinapofunguliwa nafasi kama zile za BBC Writers, kitengo cha BBC cha kutafuta waandishi. Mara nyingi skripti hiyo haitarekodiwa. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mwenyewe anaweza kuajiriwa kuandika tamthilia ya mtu mwingine. Kujichapishia hakuna mlinzi mlangoni, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mnamo Septemba 2023 Amazon iliweka kikomo cha vitabu vipya vitatu kwa siku kwa kila akaunti, na kuanza kuwataka watumiaji waseme kama maandishi yametungwa na akili mnemba. Kwamba kikomo cha vitatu kwa siku kilihitajika ni dalili tosha ya wingi wa vitabu ambavyo chako kitawekwa katikati yake.

Nani achague kipi

Kwa mwandishi asiye na wakala, anayeishi mbali na miji yenye kampuni za televisheni, na mwenye kisa kimoja anachokithamini mno, ningependekeza kitabu kitangulie, kwa sharti kwamba ana fedha za kumlipa mhariri na msanifu wa jalada bila kukopa. Asipokuwa nazo, asubiri. Kwa mwandishi ambaye mazungumzo humjia kabla ya maelezo, anayechangamka zaidi akiwa na wenzake, na ambaye ana visa vingi kiasi kwamba kukiachia kimoja hakumuumi, televisheni inamfaa zaidi, na hata akichelewa kupokelewa mazoezi yake ya skripti hayatapotea.

Anayesitasita anaweza kujipima kwa jambo dogo. Achukue sura moja aliyoiandika kwa nathari na kuiandika upya kama onyesho, bila wazo hata moja la ndani, kisha awape watu wawili wenye ujuzi na ayafanyie kazi maoni yao yote, pamoja na yale asiyokubaliana nayo. Akiona kwamba kilichokatwa ndicho kilichokuwa hadithi yenyewe, basi yeye ni mtu wa vitabu. Akiona kwamba onyesho limekuwa kali kuliko sura, na maoni yale yamemzindua badala ya kumkera, ajifunze skripti.

Wapo watakaotaka kufanya yote mawili, na hilo linawezekana: skripti ya mfano iliyokataliwa kila mahali huweza kugeuzwa riwaya, na riwaya huweza kuongozana na skripti yake wakati wa kutafuta mtayarishaji. Kabla ya kugeuza, mwandishi aupitie kila mkataba aliotia saini kuhusu skripti hiyo, hata ule wa kushikilia haki uliokwisha muda, na kuangalia vifungu vya marekebisho yaliyolipiwa na mtayarishaji, kwa sababu wahusika na matukio yaliyoongezwa katika rasimu ya kulipiwa huenda ni mali ya aliyelipa. Rasimu ambayo ni salama kuigeuza kitabu ni ile aliyokuwa nayo siku moja kabla ya mkataba wa kwanza, na inafaa nakala yake yenye tarehe iwe imehifadhiwa.